Kenge wa Komodo na Salamanda Mkubwa wa Japani

Mtoto akimchora kenge ukutani kwa kipande cha mkaa, kisha akamchora salamanda pembeni yake, michoro hiyo miwili itatoka kama ya ndugu: mwili mrefu, kichwa bapa, miguu minne mifupi iliyotanuka kando, na mkia mnene unaoburutwa nyuma. Wasomi nao waliwahi kuona hivyo hivyo. Carl Linnaeus wa Sweden alipotoa orodha yake ya wanyama mwaka 1758, alimtia salamanda wa Ulaya katika jenasi ya Lacerta, yaani mijusi, pamoja na kenge, na hata mamba. Waswahili husema katika msafara wa mamba na kenge wamo. Katika msafara wa Linnaeus, salamanda naye alijipenyeza.

Hakustahili kuwamo. Kenge ni mtambaazi, wa jamii moja na nyoka na mjusi, na ukoo wake hauko mbali na wa mamba na wa kuku. Salamanda ni amfibia, jamaa wa chura. Njia za koo hizo mbili ziliachana zaidi ya miaka milioni 330 iliyopita, kabla dinosauri wa kwanza hajatokea. Binadamu mwenyewe, pamoja na ng'ombe, popo na nyangumi, yuko karibu zaidi na kenge kwa nasaba kuliko salamanda alivyo karibu na kenge. Umbo lile la miguu minne na mkia ni urithi wa kale sana kutoka kwa wanyama wa kwanza waliotoka majini, na haba ni wanyama walioutunza kama hawa wawili. Tofauti zao zimejificha penye mambo mawili ambayo mchoro wa mkaa hauwezi kuyaonyesha, ngozi na yai.

Katika Afrika Mashariki kenge hahitaji kutambulishwa. Kenge wa maji anaonekana kandokando ya Ziwa Victoria, Mto Tana, Rufiji na vijito visivyo na majina, akiota jua juu ya gogo au akikatiza barabara kwa mwendo wa kujitupa huku na huku. Hufikia urefu wa mita mbili. Huiba mayai ya kuku, na ya mamba pia. Jina lake limegeuzwa tusi, na masikio yake yametiwa katika methali ya wasiosikia mpaka watoke damu. Salamanda, kwa upande mwingine, hana jina la asili katika Kiswahili, na sababu yake ni nyepesi: hayupo. Spishi za salamanda zinazojulikana ni zaidi ya 700, na karibu zote zinaishi katika mabara ya Amerika, Ulaya na Asia. Wachache wapo Morocco, Algeria na Tunisia. Kusini mwa Jangwa la Sahara hakuna hata mmoja.

Walio karibu naye zaidi katika nchi zetu ni vyura, na kundi la tatu la amfibia ambalo hata wakulima wanaolifukua kwa jembe hulidhania kuwa nyungunyungu. Ni wanyama wasio na miguu, wanaoishi ndani ya udongo wenye unyevu katika milima kama ya Taita na Usambara. Mmoja wao, wa Taita, huwalisha watoto wake kwa ngozi ya mwili wake mwenyewe: ngozi ya juu ya mama hunenepa kwa mafuta, na watoto huikwangua kwa meno yao maalumu. Ni mfano mdogo unaoonyesha kazi nyingi ambazo ngozi ya amfibia inaweza kufanya, nje ya kazi ya kufunika nyama.

Kwa kulinganisha, inafaa kuchukua wakubwa wa kila upande. Kenge mkubwa kuliko wote duniani ni wa Komodo, anayeishi katika visiwa vichache vya Indonesia: Komodo, Rinca, Flores na vingine vidogo vya jirani. Dume aliyekomaa anaweza kufikia mita tatu na uzito wa kilo 70 hadi 90. Wenyeji walimjua tangu zamani, lakini sayansi ilimwandika mwaka 1912 tu, pale Peter Ouwens, mkuu wa jumba la makumbusho ya wanyama la Buitenzorg huko Java, alipochapisha maelezo yake. Masalia yaliyochimbwa Australia yanaonyesha kwamba kenge huyu alikuwapo huko kabla ya kufika visiwani. Ukubwa wake, basi, haukuzaliwa na kisiwa, kama ilivyoaminika kwa muda mrefu.

Salamanda mkubwa wa Japani anaishi katika mito ya milimani ya magharibi mwa kisiwa cha Honshu, na sehemu chache za Shikoku na Kyushu. Hufikia urefu wa mita moja na nusu na uzito wa kilo 25 hivi. Ni jamaa zake wa China tu wanaomzidi. Mwili wake ni bapa, wa rangi ya kahawia yenye mabaka meusi, umejaa vinundu, na ukimtazama akiwa ametulia chini ya maji utadhani ni jiwe lililoota kuvu. Macho yake ni madogo kama punje na hayana kope. Wajapani humwita kwa jina linalotaja mti wa sansho, ambao maganda ya mbegu zake hutumika kama kiungo, kwa kuwa ute mweupe anaoutoa akisumbuliwa hunuka ukali unaokaribia ule wa kiungo hicho. Katika baadhi ya maeneo huitwa hanzaki, na maelezo yanayotolewa na wenyeji ni kwamba mnyama huyu hata akipasuliwa nusu ataendelea kuishi.

Ukoo wake una historia ya kushangaza katika elimu ya masalia. Mwaka 1726 daktari wa Uswisi, Johann Jakob Scheuchzer, alitangaza kwamba mifupa iliyopatikana ndani ya mwamba huko Öhningen, kusini mwa Ujerumani, ilikuwa ya mwanadamu aliyezama katika Gharika ya Nuhu. Jina alilolipa jiwe hilo lilimaanisha mtu aliyeshuhudia gharika. Mwaka 1811 Georges Cuvier, bingwa wa anatomia kutoka Ufaransa, alifika Haarlem, Uholanzi, ambako jiwe lilikuwa limehifadhiwa, akachonga mwamba kwa uangalifu kuzunguka mabega, na miguu ya mbele ya salamanda ikajitokeza. Jenasi yake leo inaitwa Andrias, neno la Kigiriki lenye maana ya sanamu ya mtu, na kosa la Scheuchzer limebaki ndani ya jina. Kutoka enzi za mfupa ule hadi leo, umbo la mnyama huyu limebadilika kidogo mno.

Sasa ngozi. Ngozi ya kenge ni kavu. Imefunikwa magamba yaliyotengenezwa kwa keratini, kitu kile kile cha kucha na pembe, na kazi yake kubwa ni kuzuia maji ya mwilini yasitoke. Kenge wa Komodo aliyekomaa ana kinga ya ziada: chini ya magamba kuna vipande vidogo vya mfupa, maelfu kwa maelfu, vilivyosukwa kama vazi la chuma la askari wa kale. Vifaranga wake huzaliwa bila mifupa hiyo. Huota kadiri wanavyokua na kuanza kukabiliana na meno ya wenzao. Ugumu wa ngozi ya kenge unafahamika pia kwa wapiga ngoma. Engalabi, ngoma ndefu ya Buganda, huwambwa ngozi ya kenge, nayo hutoa sauti kali inayosikika juu ya ngoma nyingine zote.

Ngozi ya salamanda haiwezi kuwambwa ngoma. Ni laini, haina gamba, imelowa ute saa zote, na mishipa midogo ya damu imesogea karibu kabisa na uso wake. Kila upande wa mwili, kutoka shingoni hadi mkiani, kuna mikunjo ya ngozi iliyolegea kama pindo la shuka. Mikunjo hiyo ndiyo inayomfanya apumue. Mnyama huyu ana mapafu, lakini kazi yao katika kupumua ni ndogo. Oksijeni nyingi huingia moja kwa moja kutoka kwenye maji kupitia ngozi, na kadiri mikunjo inavyopanuka ndivyo eneo la kupokea hewa linavyoongezeka. Ndiyo maana anahitaji mto baridi wenye maji yanayokwenda kasi na kugongana na mawe, kwa sababu maji ya namna hiyo hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya moto yaliyotuama. Mlango huo mmoja unaopitisha hewa unapitisha pia sumu na uchafu. Mto ukichafuka, salamanda hana pa kujifungia.

Kenge amepeleka kazi yote ya kupumua ndani ya kifua, na hapo amewapita mijusi wengine. Mjusi wa kawaida hukabiliwa na tatizo la kale: akikimbia, misuli inayoyumbisha mwili wake kushoto na kulia ndiyo ile ile inayopanua mbavu, hivyo ni shida kukimbia na kupumua kwa wakati mmoja. Kenge amelitatua kwa koo lake. Majaribio yaliyofanywa kwa kenge wa savana wa Afrika, waliokuwa wakitembezwa juu ya mkanda unaozunguka, na kuchapishwa mwaka 1999, yalionyesha kwamba kenge hujaza hewa kooni na kuisukuma ndani ya mapafu, mithili ya mvukuto wa mhunzi. Yeyote aliyemwona kenge aliyefukuzwa akasimama kichakani ameona koo lile likituna na kunywea. Baadaye, mwaka 2014, ilibainika kwamba katika sehemu kubwa ya mapafu ya kenge huyo hewa hupita kuelekea upande mmoja, kama ilivyo kwa ndege na mamba.

Joto nalo linawatenga. Wote wawili hutegemea joto la nje, ila kenge wa Komodo hulitafuta. Asubuhi hulala juani hadi mwili ufike nyuzi 35 hivi, ndipo aanze mizunguko yake, na jua likipanda sana hujificha kivulini au shimoni. Salamanda hulikimbia jua. Mchana kutwa yumo ndani ya pango la ukingo wa mto, na mwili wake unabaki na ubaridi wa maji. Mwili baridi hula kidogo, na anaweza kukaa majuma kadhaa bila kutia kitu kinywani.

Tofauti hiyo ya mwili moto na mwili baridi ndiyo inayotawala uwindaji wao. Kenge wa Komodo huwinda swala wa Timor, nguruwe mwitu, hata nyati. Ulimi wake mrefu uliogawanyika ncha mbili huokota chembe za harufu hewani na kuzipeleka kwenye kiungo maalumu juu ya kaakaa. Ncha ya kushoto ikileta harufu nzito kuliko ya kulia, ajua aelekee upande gani. Harufu ya mzoga humfikia kutoka kilomita kadhaa. Meno yake yamepinda nyuma na kingo zake zina mikato kama ya msumeno. Mwaka 2024 watafiti walieleza kwamba ncha na kingo hizo zimepakwa tabaka jembamba la madini ya chuma lenye rangi ya machungwa. Taya zake hazina nguvu ya taya za mamba. Anachofanya ni kuuma, kisha kujivuta nyuma kwa nguvu za shingo na mwili mzima, na nyama hupasuka.

Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba mawindo yake hufa kwa bakteria waliojaa kwenye mate yake. Maelezo hayo yalienea hasa baada ya kazi ya Walter Auffenberg, Mmarekani aliyekaa kisiwani Komodo kuanzia mwaka 1969, na bado yanarudiwa katika filamu nyingi. Mwaka 2009 kundi la Bryan Fry wa Australia lilionyesha kwamba kenge huyu ana tezi za sumu katika taya la chini, na kwamba sumu hiyo hushusha shinikizo la damu na kuzuia damu kuganda. Uchunguzi uliofuata haukuona katika kinywa chake bakteria wa ajabu kuliko wa wanyama wengine walao nyama. Nyati aliyeumwa akaponyoka hukimbilia kwenye madimbwi, na ni maji yale yaliyojaa kinyesi yanayoozesha kidonda. Kiasi gani cha kifo ni cha sumu na kiasi gani ni cha jeraha lenyewe, wataalamu bado wanabishana, na ubishi huo una haki yake, kwa kuwa jeraha pekee linatosha kumwangusha swala.

Salamanda hafukuzi chochote. Usiku hutoka pangoni akatembea polepole kwenye sakafu ya mto, au akakaa tu. Haoni vizuri. Kichwani na ubavuni ana vinundu vyenye vihisio vinavyopokea mtikisiko wa maji, hivyo kaa mdogo akipita karibu na mdomo wake ni kana kwamba amemgusa. Hapo kinywa kipana hufunguka ghafla, maji huingia kwa mvuto mkali, na kaa, samaki au chura huingia nayo.

Yai ndilo linaloeleza zaidi kwa nini koo hizi mbili zina maisha tofauti. Yai la salamanda halina ganda. Ni kiini kilichozungukwa na utelezi ulio mwangavu, na likiachwa juani litakauka upesi, kama mayai ya chura yaliyoachwa na dimbwi. Kwa hiyo lazima liwe majini. Mwishoni mwa Agosti na mwezi Septemba, dume mkubwa humiliki pango lenye mlango chini ya maji, na Wajapani humwita nushi, mwenye mahali. Majike huingia na kutaga, kila mmoja mayai 400 hadi 500 yaliyounganishwa kama tasbihi, na dume huyarutubisha nje ya mwili, ndani ya maji. Majike huondoka. Dume hubaki. Hupepea mayai kwa mkia ili maji yenye oksijeni yapite kati yake, huyasukasuka yasigandamane, na huyala yaliyokufa au yaliyoshikwa na kuvu kabla hayajaambukiza mengine. Yanaanguliwa baada ya majuma sita au saba, lakini baba haondoki. Hukaa na watoto hadi mwishoni mwa majira ya baridi, wanapotawanyika mtoni. Ulezi wa namna hii, wa miezi mitano au zaidi, kutoka kwa mnyama anayeonekana kama gogo lililooza, unastahili kujulikana zaidi kuliko ukubwa wake.

Watoto hao wana matamvua ya kupumulia yanayoning'inia pande za shingo kama manyoya, na huyapoteza wakiwa na miaka minne au mitano. Mabadiliko yao hayakamiliki. Chura hutoka majini akawa mnyama mwingine; salamanda huyu huacha matamvua tu, akaendelea kuishi mtoni maisha yake yote.

Yai la kenge ni bwawa dogo lililofungiwa ndani ya ganda. Lina ngozi nyembamba inayoshika maji kuzunguka kijusi, lina chakula, lina mfuko wa taka, na ganda lake laini kama ngozi hupitisha hewa. Kwa yai hilo, mababu wa watambaazi, ndege na wanyonyeshao waliweza kuuacha mto. Bado linahitaji unyevu na joto, na kenge wana ujuzi wa kuvipata. Jike la kenge wa maji wa Afrika hubomoa kichuguu wakati wa mvua, kikiwa kimelainika, hutaga ndani, kisha huondoka. Mchwa huziba tundu wenyewe, na mayai hukaa miezi kadhaa katika joto lisilobadilika sana. Jike wa Komodo hutumia vichuguu vya namna nyingine, marundo ya udongo na majani yaliyorundikwa na ndege aitwaye megapodi. Hutaga mayai 20 hivi mnamo Septemba, huchimba mashimo mengine ya uongo kando yake, na hulinda rundo kwa majuma kadhaa. Vifaranga hutoka baada ya miezi saba au minane, wakiwa na urefu wa sentimita 40 hivi, na hukimbilia mitini. Wana sababu. Kenge wazima huwala wadogo, na mzima ni mzito mno kupanda mti.

Jike wa Komodo ana uwezo mwingine ambao salamanda huyu hana. Mwaka 2006 ilithibitishwa kwamba majike wawili katika bustani za wanyama za London na Chester, Uingereza, walitaga mayai yenye uhai bila kurutubishwa na dume. Watoto wote wa namna hiyo huwa madume, kutokana na jinsi kromosomu za jinsia za kenge zinavyogawanyika. Jike mmoja aliyesukumwa na maji hadi kisiwa kitupu anaweza, kwa njia hiyo, kuanzisha kizazi.

Salamanda kama ukoo wana uwezo wao pia. Aksoloti wa Meksiko akikatwa mguu huotesha mwingine mzima, wenye mifupa, misuli na neva. Mjusi kafiri wa ukutani huacha mkia na kuota mwingine, lakini wa pili hauna mifupa ya uti kama wa kwanza. Kenge haachi mkia kabisa, ukikatika, umekatika.

Kenge wa Komodo huishi miaka 30 hivi. Salamanda mkubwa humzidi sana: mmoja aliyepelekwa Uholanzi na daktari Philipp Franz von Siebold, aliyefanya kazi Nagasaki, aliishi huko zaidi ya miaka 50, hadi 1881.

Wote wawili wanalindwa kisheria. Hifadhi ya Taifa ya Komodo ilianzishwa mwaka 1980 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1991. Kenge wake, wapatao 3,000, waliorodheshwa mwaka 2021 kuwa walio hatarini kutoweka, kwa sababu bahari inayopanda na joto linaloongezeka vinatishia mabonde yao ya chini. Kisiwani Padar walikwisha katika miaka ya 1970, baada ya swala kuwindwa na watu. Japani ilimtangaza salamanda wake kuwa kumbukumbu maalumu ya asili mwaka 1952, na kumwinda ni marufuku. Hatari yake imekuja kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1970 salamanda wa China waliingizwa nchini kwa ajili ya kuliwa, wengine wakaingia mitoni, na katika Mto Kamo wa Kyoto wamezaana na wa kienyeji hadi machotara wamekuwa wengi. Kisha kuna saruji. Kingo zilizojengwa kwa zege hazina mapango, na vizuizi vya kupeleka maji mashambani humzuia dume anayepanda mto kutafuta mahali pa kuzalia. Hukutwa chini ya ukuta usiku baada ya usiku, vidole laini vikichubuka kwenye zege. Katika baadhi ya mito sasa zimejengwa ngazi za mawe na miteremko yenye sakafu ya kukwaruza kando ya kuta hizo, na salamanda huzipanda taratibu, maji yakimpitia mgongoni.